Ile ya Kompyuta Usiifungue

Landless, Thika
Agosti 1999

Kwa ndugu yangu Mwas,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Hivyo ndivyo mama yetu alitulea na mimi sijasahau, ingawa leo kalamu inataka kutoboa karatasi. Habari ya huko Amerika? Habari ya mama watoto? Wale vijana wawili wakubwa wanasoma, ama wanaangalia televisheni tu? Kile kifua chako kimezoea baridi? Sisi huku tuko. Mke wangu Wakonyo anakusalimia sana. Mguu wake wa kushoto bado unamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa, hata sasa anaongea nikiandika. Mbuzi wa Gatuanyaga wako salama, ingawa vumbi ya huko unaijua. Na mimi ni yule yule. Juzi niliinua gunia la mahindi peke yangu mbele ya vijana wa hapa Landless.

Kabla sijaendelea, nisikilize vizuri. Ukiona kitu chochote kimetoka kwangu kwa kompyuta, usikifungue. Kama umeshakifungua, basi soma hii mpaka mwisho, halafu ndiyo uamue kunichukia. Ni mkubwa wako anakwambia.

Nimekasirika, Mwas. Nimekasirikia watu wengi na wengine hata majina yao siyajui.

Wewe ndiye uliniingiza katika hii mambo ya imeli. Ulipokuja mara ya mwisho ulisema barua za posta zinachelewa na zingine zinapotelea njiani, ati niende kwa Ngendo, yule mama ana ofisi ya kupiga chapa na fotokopi pale Thika mjini, kwa sababu ameleta kompyuta inayopokea barua kutoka ng'ambo. Nikaenda. Lakini mimi sikufanya kama wengine. Wengine wanatumia anwani ya Ngendo, wote pamoja, kama watu wanaokunywa kwa kikombe kimoja. Mimi nikamwambia anitengenezee yangu peke yangu. Hapa Landless nilikuwa wa kwanza, na wa pili bado sijamsikia. Nikaipaka kwa mlango wa kibanda changu, rangi nyekundu, na watu wakawa wanasimama kuniuliza ile herufi ya katikati yenye mkia imetoka shule gani.

Na wewe nilikupa sharti moja, kwamba uniandikie kwa herufi kubwa. Sababu unaijua. Mimi shule yangu ilikuwa kiwanda cha kahawa, na mwalimu wangu ni yale mabati yaliyokatwa herufi, unaweka juu ya gunia unapaka wino. Hizo ndizo herufi ninazozijua na ninazijua kuliko watu wenye digrii. Magunia yangu yamesomwa na Wajerumani na hakuna hata moja lilirudishwa ati halisomeki. Herufi ndogo mimi naziona kama siafu, zinatembea tu kwa karatasi. Ukanitii. Barua zako zikawa zinakuja kubwa kubwa, Ngendo anazitoa kwa mashine yake, anazifunga na raba, na mimi najisomea bila kumwomba mtu macho.

Halafu takataka zikaanza.

Wa kwanza alikuwa mtu wa Florida aliyetaka kuniuzia dawa ya nywele. Nilishangaa sana ni nani alimwambia mimi nina kipara. Lakini ameandika, na mtu akikuandikia huwezi kumnyamazia, hata kama ni mjinga. Ngendo, ambaye ananiita guka kama babu yake, alijaribu kunizuia, akasema guka, hawa hawajibiwi. Nikamuuliza kama yeye akisalimiwa barabarani anageuza uso. Nikamwambia aandike kwamba mimi ni Kagwe wa Landless, niko salama, kipara nimerithi kwa babu yangu na hakiniumi, na yeye watu wa kwake wanaendeleaje. Ile ya watu wa kwake hakujibu. Badala yake akanitumia marafiki zake. Mmoja alitaka kunifanya daktari wa chuo kikuu bila kuingia darasani. Mwingine akasema nimeshinda safari ya meli. Mwingine anataka kunikopesha. Na kulikuwa na wasichana wengine, hiyo sitaandika, lakini Wakonyo aliona karatasi na jioni hiyo nilikula chai bila kitu.

Wote niliwajibu, kwa heshima, na kila nikijibu wanakuja wengine. Baadaye ndiyo Ngendo alinieleza kwamba hao watu hawasomi hata neno moja. Ukijibu wanajua tu kwamba kuna mtu ndani ya nyumba, basi wanauziana anwani yako kama wezi wanavyoambiana mlango usio na kufuli. Na kila karatasi inatoka kwa mashine mimi ndiye ninalipa! Yaani nilikuwa nikinunua matusi yangu mwenyewe.

Siku moja nikabeba rundo lote nikalibwaga kwa meza ya Ngendo mpaka wateja wakashtuka. Nikamwambia hii mambo iishe leo ama nihamie kwa mtu mwingine, ingawa mtu mwingine hakukuwa. Ngendo ni mpole. Akasema kompyuta yake inaweza kuwekewa chujio, kama la chai, barua mbaya inaangushwa kwa pipa huko huko ndani haifiki kwa karatasi. Lakini lazima iambiwe itambue mbaya kwa alama gani. Odhiambo, yule fundi wa fotokopi, alikuwa amelala chini ya mashine miguu nje, akasema iambiwe neno nywele. Ngendo akasema wakiacha nywele wataleta meno.

Hapo ndipo mimi nilisogea mbele. Nikazipanga zile karatasi kwa meza moja moja kama tulivyokuwa tukipanga magunia, nikaziangalia. Na nikaona kile ambacho wao wote na masomo yao hawakuwa wameona. Kila moja, kichwa chake kimeandikwa kwa herufi kubwa, na vile vijiti vya kupiga kelele vyenye nukta chini. Nikamwambia Ngendo kwamba hawa watu wote wanaingia wakipiga kelele, basi mashine iambiwe barua yoyote yenye kichwa cha herufi kubwa itupwe. Odhiambo alitoka chini ya mashine akanisalimia kwa mkono. Ngendo akasema guka una macho. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara.

Aliniambia jambo moja nikiwa mlangoni. Alisema chujio wakati mwingine linakosea, kwa hivyo niwe nikija mara kwa mara tuangalie ndani ya pipa kama kuna kitu kizuri kimeanguka. Nikamjibu kwamba mimi Kagwe sichakuri takataka.

Najua unacheka. Usicheke. Mimi nilidhani ile mashine inakujua. Ilikuwa imepokea barua zako mwaka mzima, jina lako liko juu, mambo ni ya nyumbani, unauliza mguu wa Wakonyo. Hata mbwa wa jirani, mtu wa nyumbani akipita mara mbili tatu anaacha kubweka. Hii kitu wanasema ina akili kuliko binadamu, haiwezi kujua tofauti ya ndugu yangu na mtu wa dawa ya nywele? Nani aliiumba, na alilelewa wapi?

Basi kukawa kimya. Mvua ndefu ikaja, ikaisha, watu wakavuna, na kutoka kwako hakuna neno. Kila nikipita, Ngendo anasema leo hakuna kitu, guka. Na mimi nikawa nampongeza! Nikasema mashine imekuwa safi. Halafu nikaanza kuuliza kama wewe pia hakuna. Hakuna. Wakonyo akasema pengine unaugua. Nikamwambia huugui, umekuwa Mwamerika, hukumbuki ni nani alikuuzia ng'ombe ili umalize shule. Wakonyo akasema ng'ombe alikuwa wa mama yetu. Nikamwambia lakini mimi ndiye nilimpeleka sokoni.

Sasa nikueleze ya Membley. Wanja, binti ya binamu yetu, yule wa benki, amehamia huko Ruiru katika nyumba nzuri, na akatuita tukunywe chai. Wakonyo hakuweza kwa sababu ya mguu, nikaenda peke yangu. Kwa geti askari alinipa kitabu niandike jina, nikaliandika jina langu vizuri mpaka likachukua nafasi ya wageni wengine watatu, tukagombana kidogo. Ndani kulikuwa na watu wa benki na wake zao. Wanja akasimama na birika mkononi, mbele ya wote, akasema anko, hongera kwa mtoto wa Mwas, alinipigia simu akaniambia ni kijana na sasa hata anakaa.

Mwas, kijana wa tatu.

Nitaandika jambo ambalo sijawahi kukwambia kwa mdomo, kwa sababu si jambo la kuombwa. Wa kwanza ulimwita baba yetu. Wa pili ulimwita baba ya mke wako. Ulifanya vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Wa tatu ni wa kaka mkubwa. Unajua sisi na Wakonyo Mungu hakutupa. Tuliomba, tukaenda kwa madaktari, mwishowe tukaacha kuongea habari hiyo. Watu wanadhani nilizoea. Tangu yule wako wa pili azaliwe mimi nimekuwa nikihesabu kimya kimya kama mtu anayengoja mvua. Magunia yangu yamezunguka dunia lakini hakuna mtoto hata mmoja, popote, ambaye ukiita Kagwe atageuza kichwa. Nikienda mimi, jina limekwenda.

Na sasa mtoto anakaa, na hakuna aliyeniambia.

Nilifanya nini? Nikajifanya najua. Nikasema ndiyo, ndiyo, kijana mkubwa. Wanja akacheka kwa furaha akasema na lile jina limemkaa kweli kweli, anko. Wote wakacheka wakiniangalia. Nilitaka kuuliza ni jina gani. Ningeuliza mbele ya watu wa benki jina la mtoto wa ndugu yangu? Nikaona wananicheka mimi, mzee aliyerukwa, jina limepewa mtu mwingine. Nikaweka kikombe kikiwa bado kimejaa nikasema nina kazi Thika. Wanja alinifuata mpaka kwa geti akiuliza kama amenikosea. Nikapanda matatu.

Wiki iliyopita Ngendo alikuja hapa nyumbani mwenyewe, kwa hii manyunyu ya Agosti, karatasi ameficha ndani ya sweta. Akasimama mlangoni hataki kuketi. Alisema kompyuta ilimwambia pipa limejaa na inataka kulimwaga, na yeye alipokuwa akiangalia zikipita aliona jina lako, mara moja, mara tena, mara tena. Akanipa.

Nilisoma hapo mezani, kwa sauti, Wakonyo asikie. Ya kwanza kichwa chake kilikuwa HONGERA na vijiti vingi vya kelele. Ukasema amezaliwa kijana. Ukasema ana sauti, halali, na anashika kitu haachi. Ukasema, NI KAGWE, AMERUDI NYUMBANI. Hapo jikoni moshi ulikuwa mwingi ikabidi nisimame kidogo. Ya pili ukauliza kama niliipata ya kwanza. Ya tatu ukatuma picha, lakini wino wa Ngendo uliishia nusu, kwa hivyo ninachokijua cha mtoto ni kuanzia nyusi kwenda juu. Kinatosha. Ni kichwa changu, na hakina unywele hata mmoja. Yule mtu wa Florida asimjue!

Halafu zile za mwisho. Uliniuliza kama umenikosea wapi. Uliniuliza kama sikutaka jina langu lipewe mtoto aliyezaliwa ugenini. Ukasema utangoja neno langu. Hizo pia zilikuwa kwa herufi kubwa, kwa sababu hata ukiwa na uchungu ulikumbuka sharti langu.

Nilimgombeza Ngendo mpaka majirani wakafungua milango. Nikamwambia chujio lake ni la shetani, linakula habari njema na kuacha watu gizani, na kwamba ningemkuta aliyeliumba ningempaka wino uso mzima. Ngendo alingoja nimalize. Halafu akasema polepole, guka, yeye aliuliza alama, na alama nilitoa mimi. Wakonyo alianza kucheka. Aliponiangalia akaacha, kwa sababu yeye pia alijua kile ambacho Ngendo alikuwa anajua.

Basi nikwambie. Wakonyo yuko hapa kando, amesema nisipoandika yeye ataandika, na yeye hajui kuandika.

Siku ile ya Membley sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilishukia Thika mjini, nikaingia kwa Ngendo, nikasimama nyuma yake nikamwambia aandike. Kichwa kwa herufi kubwa na vijiti vya kelele vijae mstari. Nilisema mimi Kagwe nimelichukua jina langu. Nilisema mtoto wako yeyote asiitwe Kagwe, na akiitwa, mimi simjui na asije kwa mlango wangu. Vidole vya Ngendo vilisimama. Alisema guka, hii tuilaze, uje asubuhi. Nikamwambia halipwi kwa kunifikiria, abonyeze. Akabonyeza.

Sikujua, Mwas. Sikujua jina lilikuwa tayari juu ya mtoto. Neno la kaka mkubwa kwa mtoto si kama neno la mtu wa sokoni, unajua hivyo na mimi najua. Nilimwambia Ngendo airudishe. Akasema hairudi. Nikamuuliza ni mashine gani hii, barua ya furaha inaiangusha mlangoni, ya uchungu inaivusha bahari bila kuuliza! Alitaka nimwambie maneno atume nyingine ya kuifunika. Nikakataa. Hii naiandika kwa mkono wangu, gundi ya stempu nitailamba mwenyewe, ipite mikononi mwa watu.

Lakini Ngendo alisema jambo moja, na tangu siku hiyo nalishikilia. Alisema kampuni kubwa kama hiyo unayofanyia kazi haikosi chujio lake, na kwamba yangu, kwa kile kichwa na zile kelele, pengine liliiangusha. Tangu nizaliwe sijawahi kuomba mtu awe mjinga mara mbili, na sasa naomba mashine. Kama hukuiona, usiitafute. Usiende kwa pipa. Sisi si watu wa kuchakura takataka. Iache huko na wale wa nywele.

Na kama uliiona, basi jua hivi. Jumapili tulienda Gatuanyaga, mimi na Wakonyo na mguu wake, tukasimama pale mama amelala, na nikasema kwa sauti kwamba lile neno nimelila mwenyewe na halimfikii mtoto. Wakonyo ni shahidi. Akaniambia niseme tena kwa sababu mara ya kwanza nilisema kama mtu anayetoa amri. Nikasema tena. Halafu nikamchagulia wajina wangu mbuzi, jike, mweupe, sikio moja jeusi. Ni wake kuanzia siku hiyo, na watakaozaliwa pia ni wake. Akija atawakuta.

Wewe endelea kuniandikia. Lakini kichwa cha barua kiandike kwa herufi ndogo, hata kama kwangu zitatembea kama siafu, nitazikimbiza. Mwili uache kwa kubwa. Na kila Ijumaa sasa mimi huketi kando ya Ngendo tunaangalia pipa lote, moja moja, mpaka chini. Odhiambo ananiita mzee wa mapipa. Mwache anicheke. Mimi nachakura.

Nisalimie mama watoto, mwambie amefanya kazi nzuri. Nisalimie wale wakubwa wawili. Wakonyo anataka picha nyingine, yenye macho na mdomo, na ije kwa posta. Kwa Wanja pia niombee msamaha, na mimi nitaenda Membley kumalizia ile chai.

Ndani ya bahasha kuna kibati. Usikikunje. Nimekikata juzi kwa mkono wangu, cha kwanza tangu nitoke kiwandani, herufi tano, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Akianza kushika kalamu, mwekee juu ya karatasi, apake.

Ni mimi mkubwa wako,

KAGWE MKUBWA